Mgeni Aonje Kwanza

Kifuniko cha birika kilianza kutetemeka kabla hakujapambazuka. Tak-tak, tak-tak, kama meno ya mtu mwenye baridi. Nilikiwahi kwa kitambaa nisije nikamwamsha mjukuu wangu, aliyekuwa amelala chumba cha pili, mdomo wazi, nywele amezifunga kwa kitambaa changu cha hariri alichokiazima bila kuomba.

Jiko halikuwa langu. Nyumba ile ya vyumba viwili, ghorofa ya juu kabisa, tulikuwa tumeipanga kwa mwisho wa juma tu, katika mji wa nchi ya watu ambao hata salamu yao ulimi wangu ulikuwa bado unajikwaa nayo. Kila kitu humo kilikuwa kidogo na kisafi: sinki dogo, meza ndogo, na mitungi ya kioo kwenye rafu, yote ya umbo moja. Nikatia majani ya chai niliyokuja nayo mkobani, nikachota sukari kwenye mtungi wa pembeni, nikakoroga. Miwani yangu ilikuwa chini ya mto. Nani huvaa miwani ili akoroge chai? Nimekoroga chai tangu mama yake mjukuu wangu hajazaliwa.

Niseme kwanza kilichonipeleka huko. Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajanyamaza. Kazi yake ni kupima watu macho na kuwatengenezea miwani, na huwachekesha wateja mpaka wanasahau kusoma zile herufi za ukutani. Mchumba wake ni kijana mpishi, aliyepata kazi kwenye mkahawa wa mji huo wa ugenini. Tangu aondoke walikuwa wakipendana kwa simu, na mapenzi ya simu ni kama nguo iliyoanikwa kivulini, haikauki wala haivaliki. Ndipo kijana akamwandikia: njoo, hata kwa siku mbili, nikutembeze, ule vizuri, unywe mvinyo wa huku.

Mama yake Chiriku, yaani binti yangu mkubwa, ni mwalimu mkuu, na kengele ya shule huja nayo mpaka nyumbani. Alisema hapana kabla barua haijasomwa hadi mwisho.

"Mpishi! Nimesomesha mtoto ili aolewe na mwanamume wa kukaanga vitunguu?"

Walibishana siku nyingi, mmoja akilia, mwingine akifunga milango. Mwisho binti yangu akanigeukia mimi.

"Haya. Mama, nenda naye wewe. Mtazame huyo mtu kwa macho yako. Ukirudi ukasema ndiyo, sitatia neno tena. Ukisema hapana, ni hapana."

Chiriku alikubali upesi sana, akijua ninavyompenda. Hakujua kwamba kumpenda kwangu ndiko kulikonitia hofu. Nilisafiri na nguo chache na neno moja ambalo nilikuwa bado sijalipata.

Mlango uligongwa kwa ukucha, si kwa ngumi. Nikafungua. Alikuwa Mpishi mwenyewe, amekumbatia mkate wa moto ndani ya koti kama mtu aliyeficha mtoto wa paka. Yeye alikuwa na chumba chake karibu na mkahawa. Sisi alitutafutia pale, na sasa amekuja mapema ili tusinywe chai kavu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mchumba wetu."

"Wetu?"

"Nimetumwa nikuchunguze. Mtu akichunguzwa na wawili, ni wa wawili."

Alicheka kwa sauti ya chini, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa ili visigonge sakafu. Nikaliona hilo. Mimi huyaona mambo madogo kama hayo, nayaweka kama mtu anavyoweka vifungo vya shati, kwa kuwa siku moja vitafaa.

Nikammiminia chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akanitazama, akanywa tena.

"Umeamka alfajiri yote hii kwa ajili yetu?"

"Mzee halali, mwanangu. Anajinyoosha tu akisubiri kuche. Chai imekolea?"

"Imekolea, Bibi. Asante." Akamaliza kikombe, akaomba cha pili.

Chiriku alitoka chumbani akijifunga khanga. Usiku uliotangulia walikuwa wameonana stesheni tu, sisi tukiwa hoi na mabegi. Sasa walisimama wakatazamana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yule mtoto alikosa la kusema. Kijana alimtazama polepole, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguu mitupu. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyokulia, siku ambayo inauzwa. Nikashangaa kidogo. Furaha ilikuwemo machoni mwake, lakini kulikuwa na kitu kingine kimeketi nyuma yake.

Chiriku akanywa funda moja la chai, akakimbilia sinki.

"Bibi! Hii ni chai au ni mchuzi?"

"Mchuzi gani?"

"Chumvi! Umetia chumvi! Mimi nawatengenezea miwani mji mzima, bibi yangu mwenyewe anapika kwa kupapasa!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mpishi naye alicheka, ingawa alichelewa kidogo kuanza.

"Na wewe umekunywa vikombe viwili?" Chiriku akamuuliza.

"Bibi ameamka alfajiri. Ningemwambia nini?"

Moyo ukanilegea. Vikombe viwili vya chumvi, kwa heshima ya mzee aliyesahau miwani! Nikajisemea, binti yangu na aseme atakalo kuhusu vitunguu. Lile neno langu limekaribia kuiva.

Kulipopambazuka vizuri alitupeleka sokoni. Lilikuwa soko la ndani, lenye paa refu la vioo, na kila meza ilikuwa na rangi yake. Njiani aliniweka upande wa ukuta, yeye akatembea upande wa magari, na nikisimama kuvuta pumzi alikuwa akijifanya anatazama dirisha la duka. Hilo nalo nikaliweka.

Kuchagua alijua. Tikiti aliligonga kwa kidole akalisikiliza kama daktari wa kifua. Samaki alimfunua shavu, mkate akauminya pembeni ili asikie ganda linavyolia. Lakini kila alipokatiwa kipande cha kuonja, alikinyoosha kwa Chiriku.

"Onja. Unasikia nini?"

"Jibini hili? Chumvi kidogo. Halafu kama karanga mbichi. Halafu linakwaruza ulimi, hapa pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Hapa, wewe! Unataka nikutolee ulimi mbele za watu?"

Akautoa kweli, na muuza jibini akacheka. Kijana hakuwa akitazama jibini. Alikuwa akimtazama mjukuu wangu, mdomo wake, mashavu yake, na zile nyusi zinazopanda akishangazwa na kitu. Nikageuka kutazama kabichi. Uzee una adabu zake, na mojawapo ni kujua wakati wa kutazama kabichi.

Mwanzoni Chiriku aliupenda mchezo huo. Alikuwa na maneno kwa kila kitu. Asali alisema ina moshi, zeituni akasema zimekasirika. Lakini kila alipogeuza swali, "Na wewe waonaje?" kijana alijibu lile lile: "Kama ulivyosema." Asali, kama ulivyosema. Zeituni, kama ulivyosema. Nikaanza kuona mabega ya mjukuu wangu yakishuka.

Mwisho kijana akamenya chungwa, akamkatia pande.

"Na hili? Niambie likoje."

"Ni chungwa, jamani," Chiriku akasema akiangalia pembeni. "Lina ladha ya chungwa."

Mkono wa kijana ulibaki hewani na pande lile. Kisha akalirudisha kwenye karatasi, akatoa leso, akajifuta vidole kimoja kimoja. Nikaliona na hilo pia, ila sikujua niliweke wapi.

Mchana tulikula mahali alipopachagua mwenyewe, mkahawa wa mvinyo ulio chini ya nyumba ya zamani. Unashuka ngazi kadhaa kutoka barabarani, na madirisha yake yako juu, usawa wa njia, hata ukiketi unaona miguu tu ya wapitao. Meza zilikuwa za mbao nene, kuta za mawe, na ndani kulikuwa na harufu ya mapipa na siagi. Mwenye mkahawa, mzee mwenye aproni ndefu, alimsalimu Mpishi kama mtu wa kazi moja.

Watu wa mvinyo wana utaratibu wao. Chupa ikifunguliwa, aliyeagiza humiminiwa tone dogo, anaonja, wengine wakisubiri. Akisema ni nzuri ndipo wote humiminiwa. Mzee alipommiminia Mpishi tone lake, kijana akaisukuma glasi kwa Chiriku.

"Mgeni aonje kwanza."

Chiriku akaonja, akatikisa kichwa kukubali, nasi tukamiminiwa. Mimi mvinyo nimewahi kuunywa mara moja, kwenye harusi ya jirani, nikasinzia kabla keki haijakatwa. Huu niliunywa kwa midomo tu. Ulikuwa baridi, mwepesi, ukapita kooni kama habari njema. Tukaletewa samaki wa kuoka, viazi vilivyopasuka ngozi, uyoga wa siagi. Nilikula kwa furaha ya mtu ambaye hataosha vyombo.

"Samaki yukoje?" Mpishi akamuuliza Chiriku.

"Laini. Ana ndimu kwa mbali. Na wewe?"

"Kama ulivyosema."

Chiriku akaweka uma chini.

"Unakumbuka ulivyonigombeza kwa ajili ya nyanya?"

"Nyanya?"

"Nilinunua nyanya hazijaiva. Ukanihubiria njia nzima. Ukasema nyanya isiyoona jua ni maji yaliyovaa ngozi. Ulikuwa na hasira, mate yanakuruka. Nikakupenda siku hiyo hiyo, mjinga mimi! Sasa nakuuliza samaki, kama ulivyosema. Mvinyo, kama ulivyosema. Nikikuuliza kuhusu mimi na wewe, utasemaje? Kama nilivyosema?"

"Chiriku..."

"Umenichoka. Sema tu. Mama atafurahi, utakuwa umemfurahisha angalau mtu mmoja."

Kijana alikunja leso yake. "Nilitaka ule vizuri kwanza," akasema.

"Kwanza? Kwanza, halafu nini?"

Kijana akainamisha kichwa. Akatazama sahani yake. Chiriku akasukuma kiti nyuma. Akavuta shali lake, akapanda ngazi, akatoka. Kupitia dirishani nikaviona viatu vyake vyekundu vikivuka njia na kusimama kwenye vyuma vya ukingo wa mfereji wa maji uliokuwa ng'ambo.

Wakati huo huo mwenye mkahawa akaja na chupa ya pili iliyokuwa imeagizwa mapema, ya mvinyo mwekundu. Aliona kiti kitupu, akajifanya hakukiona, Mungu ambariki. Akazibua, akammiminia Mpishi tone, akasimama kusubiri, taulo mkononi.

Safari hii hapakuwa na mgeni wa kuanza. Kijana akakitazama kiti cha Chiriku. Akaonja. "Mzuri," akasema, "mzuri sana." Mzee akamjazia, akanimiminia na mimi, akaenda kwenye meza nyingine.

Nikanywa. Mimi si mjuzi wa mvinyo, lakini siki naijua; nimesafishia mabirika siki maisha yangu yote. Ile ilikuwa siki. Nikainua macho, na kijana alikuwa akinitazama usoni. Hakuwa akinitazama kwa heshima wala kwa aibu. Alikuwa akisubiri aone uso wangu utafanya nini, ili wake ufanye vivyo hivyo.

Macho hayo nilikuwa nayajua. Niliishi nayo.

"Mwanangu," nikamwambia, "chai ya asubuhi ilikuwaje?"

"Si tulishasema, Bibi? Ilikuwa na chumvi. Nilinyamaza kwa heshima."

"Ulijua ina chumvi kabla Chiriku hajasema?"

Akashusha macho kwenye glasi.

"Na huu mvinyo?"

"Mzuri... mkali kidogo?" Alikuwa akikisia kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Ni siki, baba."

Akaiweka glasi mezani taratibu sana, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Nani amekuambia?"

"Babu yake Chiriku."

"Babu si alishafariki?"

"Alifariki, lakini bado ana maneno mengi. Masikio yake yalipoanza kumtupa mkono, hakumwambia mtu. Tukicheka, anacheka. Tukinuna, ananuna. Ila alikuwa akichelewa, kidogo hivi, kama mtu anayefuata wimbo asioujua. Na alikuwa akitutazama midomoni kwa macho hayo hayo yako. Imekuwa tangu lini?"

Alijishika kichwa. Nilidhani atakana. Lakini nadhani siri ilikuwa imemchosha mikono.

"Ilikuwa homa, Bibi. Nililala kitandani siku nyingi. Ilipoondoka ikaondoka na pua, ikaondoka na ulimi. Nikasema ni mafua, yatapita. Mpaka siku nilipounguza vitunguu mbele yangu mwenyewe, moshi unaniingia machoni na puani hakuna kitu. Daktari anasema huenda vikarudi, huenda visirudi."

"Na kazini?"

"Mkono unakumbuka. Nyama naijua kwa kidole, mafuta nayajua kwa mlio. Kuna mama mmoja wa upande wa keki, yeye hunionjea. Ananipitia na kijiko chake, ananiambia ongeza, punguza. Hajawahi kumwambia mtu."

"Mungu amzidishie. Na Chiriku?"

Hapo akakishika kizibo cha chupa.

"Nilimwita tuagane. Nilisema ale, anywe, acheke, halafu nimwambie aende zake. Mama yake hataki mpishi. Na mimi, Bibi, hata huyo mpishi si yeye tena. Nimpe mtoto wa watu mume wa kumwambia 'kama ulivyosema' maisha yake yote?"

"Kwa nini usimwambie ukweli?"

"Atabaki kwa huruma. Namjua. Sitajua kamwe kama ni huruma au ni mapenzi."

"Huruma na mapenzi wanakaa chumba kimoja, mwanangu. Wewe ndiye unataka kuwapangia viwili." Nikasogeza ile siki pembeni. "Nilipogundua habari ya babu, nilimnunia. Si kwa sababu ya masikio. Nilimnunia kwa vicheko vyote alivyocheka bila kujua anacheka nini, na mimi niko pale pale ubavuni kwake, nina mdomo mzima. Kwani kumwambia mtu neno mara ya pili ni kazi? Baada ya hapo nilikuwa nakaa kila jioni upande wa sikio lake lenye nafuu, namsimulia mchana kutwa ulivyokuwa, nani kasema nini sokoni. Siku nyingine naongeza chumvi. Hatukuwahi kuzungumza hivyo tangu tuoane."

Alikuwa akinisikiliza kwa kichwa chini, akizungusha kizibo cha chupa kwa vidole.

"Utamwambia, Bibi?"

"Mimi nimetumwa kukuchunguza. Sikutumwa kukusemea."

"Na neno lako kwa mama yake?"

"Liko hapa mezani, linakusubiri. Ukimwambia Chiriku, ni neno moja. Ukimuaga bila kumwambia, ni jingine. Mtu anayemnyima mwenzake nafasi ya kuchagua, huyo simpi mjukuu wangu, hata akiwa na ulimi wa dhahabu."

Akakiweka kizibo mezani. Kisha akasimama, akasahau koti, akapanda zile ngazi.

Sikuona nyuso zao. Niliona viatu. Vyeusi vilivuka njia, vikasimama mbali kidogo na vyekundu. Vyekundu vikageuka kuelekea majini. Vyeusi vikabaki pale pale, havisogei, kwa muda mrefu, na nikajua mdomo ulioko huko juu ulikuwa ukifanya kazi ngumu. Baiskeli ikapita. Mtu akapita na mbwa. Halafu vyekundu vikageuka ghafla, kimoja kikakanyaga chini kwa nguvu, nikajua ameambiwa. Vikatembea, vikaenda, moyo wangu ukaenda navyo mpaka mwisho wa dirisha, ambapo havikuonekana tena.

Nikashika meza. Nikasema basi, neno lenyewe limenifia mdomoni.

Viatu vyekundu vikarudi. Vikarudi mbio, vikasimama mbele ya vile vyeusi, ncha kwa ncha. Kisha visigino vyekundu vikainuka kutoka chini, na mimi nikageuka kutazama ukuta, kwa kuwa kabichi hazikuwepo.

Walipoingia, macho ya Chiriku yalikuwa mekundu na pua inamtoka. Hakuniambia kitu. Aliichukua ile glasi ya Mpishi, akanywa funda zima.

"Hii! Hii ndiyo ukasema mzuri sana?" Akamgonga begani. "Hii unaweza kuzibua nayo bomba!" Akaanza kucheka huku bado analia, na safari hii kijana hakuchelewa kucheka.

Mwenye mkahawa akaja mbio, akainusa chupa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Akaleta nyingine, akaomba radhi kwa lugha yake na kwa nyusi, akammiminia Mpishi tone. Mpishi akaisukuma glasi.

"Mgeni aonje kwanza," akasema, na sasa hakuwa na kitu cha kuficha nyuma ya maneno hayo.

"Mimi si mgeni," Chiriku akajibu. "Lakini nitaonja."

Akaonja. Akafumba macho. Hakuharakisha.

"Mwanzo ni mtamu, lakini si wa sukari. Ni kama zambarau iliyodondoka yenyewe. Halafu kuna vumbi, vumbi zuri, lile la mvua ya kwanza ikigonga njia. Halafu unapotea."

"Umeruka katikati."

"Nimeruka nini?"

"Ulipomeza, nyusi zilishuka. Hapo palikuwa na kitu."

Akanywa tena. "Ah! Pana uchungu. Kidogo tu. Kama ile ngozi nyembamba ya karanga."

"Ndiyo," akasema kijana, naye amefumba macho, mdomo wake ukitembea polepole kana kwamba anakula maneno yenyewe. "Ndiyo, nakumbuka. Lakini zambarau, hapana. Mvinyo wa zabibu hizi hautoi zambarau. Labda ngozi ya tini."

"Ni zambarau!"

"Haiwezi kuwa zambarau, Chiriku, hebu kunywa tena, acha uvivu wa ulimi."

Mjukuu wangu akanigeukia, uso unang'aa kama taa.

"Bibi! Umesikia? Ananibishia!"

Kesho yake, tukifunga mabegi, simu ya binti yangu ikalia. Niliipokea jikoni, miwani nikiwa nimeivaa.

"Mama, mmekula?"

"Tumekula."

"Na yule mtu?"

"Mpishi."

"Ndiyo, huyo huyo. Umemwonaje?"

"Ana kasoro."

"Nilijua!"

"Tulia basi. Nusu ya kasoro ilikuwa ni kuificha, na hiyo nusu ameshaitoa mwenyewe. Iliyobaki atakuja kukueleza mezani kwako. Nimemwambia aje, na amekubali."

"Kwa hiyo neno lako ni nini?"

"Ndiyo."

Nikasikia kiti kikiburuzwa upande wake.

"Mama, hiyo ndiyo ni ya mvinyo?"

"Nilikunywa siki, mwanangu. Akili yangu haijawahi kuwa safi kama leo."

Alinyamaza. Nilimlea mimi, najua kimya chake cha hasira na kimya chake cha kukubali. Hiki kilikuwa katikati, kinatafuta pa kukaa.

"Nilisema sitatia neno," akasema mwisho. "Haya, aje. Lakini sijasema nimempenda. Anakula nini huyo mpishi wenu?"

"Pika chochote. Ila uwe tayari kumweleza kikoje. Ataketi akusikilize mpaka mwisho."

"Mimi? Kunisikiliza?" Nikasikia kitu kama kicheko kikimponyoka. Kwake hakuna aliyekuwa akimsikiliza mpaka mwisho tangu wanawe wakue.

Stesheni kulikuwa na watu wengi. Mpishi alibeba mabegi yote, akatutafutia viti vya dirishani, akanikunjia koti langu nyuma ya mgongo bila kusema kitu. Vifungo vyangu vimejaa mfuko sasa, nikawaza. Kisha akashuka, akasimama chini ya dirisha, mkononi ana kifuko cha karatasi. Chiriku akainama nje. Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakitazamana, na safari hii macho ya kijana hayakuwa na kitu kimejificha nyuma yake. Yalikuwa na huzuni tu ya mtu anayeachwa na treni, ambayo ni huzuni ya kawaida na hupona.

"Bibi," akaniambia, "ile chai, ulitia chumvi kiasi gani?"

"Ya kutosha kuhifadhi samaki."

Akacheka. Kengele ikalia, treni ikashtuka. Hapo akakisukuma kile kifuko kwenye mikono ya Chiriku, akaanza kutembea sambamba na dirisha.

"Nini hii?"

"Machungwa. La jana sokoni hukuniambia likoje."

"Nilikuwa nimekasirika..."

"Najua." Treni ikaongeza mwendo, naye akaongeza. "Kula moja njiani, polepole. Likumbuke. Halafu njoo tena, Chiriku. Njoo tena uniambie."